Nataka Kujua Iliishaje

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja katika kampuni ya simu. Kama umewahi kupiga 100 saa nane za usiku kwa sababu vocha imegoma au hela imeenda kwa mtu usiyemjua, ukasikilizishwa muziki wee, halafu mtu akakukaribisha, mtu huyo angeweza kuwa mimi. Nimeikalia kazi hii muda mrefu. Nilikuwepo laini zikisajiliwa kwa kitambulisho chochote ulichonacho, nikawepo wakati wa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, mpaka Januari 2020 laini zilipoanza kuzimwa na simu zikawa zinaingia mfululizo hadi sauti zinatukauka. Bado nipo.

Wadogo zangu wanaoanza ajira huniuliza swali moja kwa njia nyingi: dada, hiyo kazi inakuridhisha kweli? Wanauliza kwa adabu, lakini naelewa wanachouliza. Wao wenyewe wamepata kazi, wameshukuru, wamewaletea wazazi mshahara wa kwanza, na baada ya miezi michache wanaamka Jumatatu na uzito kifuani ambao hawajui wauite nini. Wanataka kujua kama uzito ule huisha. Nimekuwa nikiwajibu kwa kifupi, kwenye misiba na harusi, na majibu yale hayatoshi. Hili ndilo jibu langu refu.

Chumba chetu ni kikubwa na baridi. Kiyoyozi hakizimwi, kwa hiyo kila kiti kina kanga au sweta limetundikwa. Ukutani kuna runinga inayoonyesha wateja wangapi wanasubiri, na namba ikivuka kiwango inageuka nyekundu. Simu zetu hazina kitufe cha kupokea. Unasikia mlio mfupi sikioni na mtu tayari yuko kwako, awe analia, anafoka au anakula. Unatoa salamu iliyoandikwa, unauliza tatizo, unafungua akaunti yake, unasaidia, unachagua sababu ya simu kwenye orodha, unafunga. Mlio tena. Lengo ni kila simu iishe ndani ya dakika tatu, na mwisho wa mwezi wastani wako unabandikwa pamoja na wa wenzako.

Watu wengi wanadhani kinachotuumiza ni matusi. Matusi yapo. Tozo za serikali kwenye miamala ya simu zilipoanza tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kutegemea na kiasi unachotuma au kutoa, nchi nzima ilitupigia sisi. Mama amemtumia mwanawe hela ya kula chuoni, amekatwa zaidi ya alivyozoea, anataka kujua nani kamwibia. Tulieleza, tukaeleza tena. Septemba mwaka huohuo zilipopunguzwa kwa asilimia 30 tukaeleza na hilo. Tulichoka sana miezi ile. Lakini nakumbuka pia kwamba hatukuwa na ule uzito wa Jumatatu. Tulijua watu wana hasira ya haki, tulijua wanachohitaji kuelezwa, na zamu ikiisha tulikuwa tunakaa nje na chai tunasimuliana. Uchovu wa aina hiyo unalala nao na kuamka bila kuwa nao.

Kinachoniumiza mimi ni kingine, na nitakieleza kwa simu moja.

Aliipiga mzee wa upande wa Masasi. Salamu ya kampuni haina shikamoo, lakini mimi nikisikia sauti ya mtu mzima siwezi kumwambia "habari" na mdomo wangu ukatulia. Nikasema shikamoo mzee wangu. Akaitikia, marahaba mwanangu, kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Nimeangamia." Alikuwa ametuma 180,000, ada ya mjukuu, na kwenye namba ya mhasibu wa shule alibonyeza saba pahali pa moja. Alikuwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe, na kwa kitochi kile huwezi kuongea huku unasoma ujumbe. Nikahitaji namba ya muamala. Ikabidi akate, mjukuu ainakili ile namba kwenye daftari, apige tena, na kwa bahati kubwa simu ikarudi kwenye sikio langu mimi. Mtoto akanisomea: B. Nikamuuliza, B ya Bagamoyo au D ya Dodoma? Akasema ya Bagamoyo. Tukaenda hivyo herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, naye mzee nyuma anamhimiza soma vizuri, soma vizuri. Runinga ilikuwa nyekundu na kiongozi wa timu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

Hela ilikuwa bado haijatolewa. Nikaizuia, nikaandika tiketi, yaani lalamiko lake kwenye mfumo, tiketi ikaenda kitengo kingine ambacho ndicho huongea na aliyepokea na kurejesha muamala. Nikamwambia mzee atapigiwa. Akauliza, "Utanipigia wewe?" Nikasema, mwenzangu atakupigia. Akasema sawa mwanangu, Mungu akuzidishie. Nikachagua kwenye orodha: tatizo limewasilishwa. Mlio.

Sikujua iliishaje. Nilijaribu kuifungua tiketi ile siku iliyofuata, ila mfumo hauturuhusu kuona zilizokwisha kwenda kitengo kile. Mpaka leo sijui mtoto yule alilipiwa ada au alirudishwa nyumbani. Na mzee yule ni mmoja. Fikiria siku nzima ya watu wa namna hiyo, kila mmoja anakukabidhi kipande cha maisha yake kilichokatika, unakishika dakika tatu, unakipokeza, hukioni tena. Ndiyo uzito wenyewe. Ukiishi hivyo mwaka na zaidi unaanza kuwasikia watu kama kelele, na mtu anayewasikia wenzake kama kelele hawezi kuipenda kazi yake wala kujipenda mwenyewe.

Sasa, tiba zinazouzwa mjini nazijua. Ya kwanza ni ile ya wanaosema ajira ni utumwa, acha kazi ujiajiri. Mimi nimekulia kwa mtu aliyejiajiri. Mama yangu alikaanga vitumbua Manzese tangu sijazaliwa mpaka magoti yalipokataa, aliamka saa tisa za usiku, alikimbizana na mgambo, na mvua ikinyesha asubuhi tulikula mtaji. Sitamwambia kijana yeyote kwamba maisha yale ni uhuru. Lakini mama alikuwa na kitu ambacho mimi, mwenye ofisi na kitambulisho shingoni, sina. Alimwona mlaji akila. Alijua fundi fulani anapenda vya pembeni vilivyoungua kidogo, alijua mwalimu fulani akinunua viwili badala ya vinne mshahara umechelewa, na alimkopesha bila kuulizwa. Kazi yake ilianzia kwenye mchele alioloweka jioni na kuishia kwenye uso wa mtu aliyeshiba, na yote hayo aliyaona kwa macho yake kabla ya saa nne asubuhi.

Tiba ya pili huletwa ofisini. Kila mwaka hualikwa mtu wa kututia moyo, tunakusanywa ukumbini, tunaambiwa kila mmoja aitambue sababu inayomwamsha asubuhi. Wengine wanaongea vizuri na nimewahi kutokwa machozi. Lakini hoja yao yote husimama juu ya jambo moja, kwamba kilichoharibika kimo ndani yetu sisi tunaokaa vitini, tukijirekebisha kitapona. Hapo ndipo ninapokataa. Hakuna mtu aliyeingia chumba kile akiwa hana moyo. Vijana wanaokuja wapya wiki ya kwanza wanaandika majina ya wateja kwenye vikaratasi ili wawakumbuke. Huacha kuandika kwa sababu hakuna pa kuvipeleka vile vikaratasi.

Nchi hii haijapungukiwa wito wa kufanya kazi. Wazazi wetu walipewa Uhuru na Kazi, sisi tukapewa Hapa Kazi Tu, kisha Kazi Iendelee. Nauheshimu wito huo. Ninachokosa ni mazungumzo juu ya kazi yenyewe ilivyopangwa: nani anafanya kipande kipi, nani anaona mwisho wake, nani ana ruhusa ya kuamua chochote. Haya hujadiliwa na washauri waliovaa suti na hatuitwi.

Yuko kaka kwenye timu yetu asiyekubaliana nami kabisa, na nataka maneno yake yasikike hapa. Ni mwalimu wa kwaya. Kwake kazi ni kodi ya nyumba na bima ya watoto; anaingia, anapokea simu kwa upole, anatoka, na maisha yake yanaanza saa kumi na mbili jioni kwenye mazoezi, kwenye sauti ya nne. Ananiambia, dada unaitaka kazi ikupe kitu ambacho haikuahidi. Nimemtazama miaka yote hii na sioni uongo kwake. Ana amani. Ila mimi si yeye, na wengi si yeye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Ongeza kukaa kituoni Kimara ukigombea mwendokasi, ongeza kurudi. Ukiamua kwamba saa zote hizo si sehemu ya maisha yako, unabaki na maisha madogo sana, labda uwe na kwaya.

Uzito wangu uliwahi kupungua, mara moja tu, na najua hasa kwa nini.

Alikuja kiongozi mpya, dada mtu mzima kutoka Mwanza, aliyewahi kuwa wakala kabla ya kuingia ofisini. Kitu cha kwanza alichouliza ni kwa nini tunakabidhi tiketi zetu na kuzisahau. Akapigana na wakubwa tukapewa ruhusa ya kuziona mpaka mwisho. Kisha akatenga saa moja. Mwisho wa mwezi haiwezekani, mishahara ikitoka simu ni mafuriko, lakini katikati ya mwezi kuna asubuhi za utulivu. Katika saa hiyo unafungua tiketi ulizoandika mwenyewe na kumpigia mteja kumweleza kilichotokea.

Nilimpigia mama mmoja anayeuza dagaa mwaloni Kirumba. Hela yake ilikuwa imerudi. Hakusema asante kwanza; aliitoa simu sikioni akawatangazia wenzake, nikasikia kelele za soko lote, mtu anacheka, mtu anasema si nilikwambia. Halafu akarudi, "Mwanangu, kumbe upo?" Nilibaki nimeshika visikilizio kwa muda bila kupiga nyingine.

Lakini simu zilizonibadilisha zaidi zilikuwa zile za habari mbaya. Hela ikishatolewa kwa wakala, mara nyingi hakuna la kufanya zaidi ya kumwelekeza mtu polisi. Nilizichelewesha simu hizo, nikazipanga mwisho wa saa. Kijana mmoja fundi pikipiki alinisikiliza mpaka nikamaliza, akavuta pumzi, akasema, "Angalau nimejua. Nilikuwa naangalia simu kila dakika." Nikaelewa kwamba naye alikuwa anateseka na kutojua, sawa na mimi, upande wa pili wa simu ileile. Hakupata hela. Alipata kuacha kusubiri, na nilimpa mimi.

Jambo la pili lilitokea bila kupangwa. Tulipoanza kuona mwisho wa mambo, tukawa wajuzi. Ukiona tiketi kumi za utapeli mpaka mwisho, sikio lako linajifunza. Mnaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"; huo sasa hata watoto wanaucheka. Matapeli wa siku hizi wanampigia mtu wakijifanya ndio sisi, wanamshika kwenye simu moja huku wakimwelekeza abonyeze nyingine. Basi kuna namna mtu anavyoongea akiwa ameshikwa. Anajibu swali lako baada ya kimya kidogo, kana kwamba anasubiri ruhusa. Anasoma maneno ambayo si yake. Anauliza jambo ambalo mtu wa kawaida hana sababu ya kuliuliza, mfano kiwango cha juu anachoweza kutuma kwa siku, na sauti inatetemeka.

Siku moja alipiga mama hivyo. Nikaacha maelezo yote ya kampuni. Nikamwambia, mama, kuna mtu kwenye simu nyingine? Kimya. Nikasema, sikiliza mama yangu, huyo si mwenzetu, sisi hatumuulizi mtu namba yake ya siri hata siku moja, mkatie sasa hivi, hata usimuage. Nikasikia kitu kama simu inawekwa mezani. Kisha akaanza kulia, akisema alikuwa amebakiza kubonyeza moja tu. Tukakaa pamoja mpaka akabadilisha namba ya siri, nikampa namba ya 15040 ya kuripotia matapeli, na nikamwelekeza kupiga *106# ili aone kama kuna laini nyingine zimesajiliwa kwa jina lake. Simu ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizopokea wiki ile, na iliharibu wastani wangu. Dada wa Mwanza aliisikiliza rekodi yake, akaisikilizisha timu nzima ili wajifunze kile kimya.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaoniuliza, ndiyo, niliridhika. Niliridhika kwa sababu niliona mwisho wa nilichokianza, nilikuwa na nafasi ndogo ya kuamua kwa akili yangu, na ujuzi wangu ulikuwa unakua mbele ya watu wanaoutambua. Kiti kilikuwa kilekile. Mshahara ulikuwa uleule, na sitawadanganya kwamba mshahara hauna neno. Mtu anayedaiwa kodi hana nafasi ya kusikiliza kimya cha mteja. Lakini nimewahi kupandishwa mshahara bila uzito kupungua, na nimepungukiwa uzito bila kupandishwa.

Yule dada alihamishwa. Aliyefuata aliangalia takwimu, akaona ile saa moja inashusha idadi ya simu kwa zamu, akaifuta. Hakuwa mtu mbaya; naye ana takwimu zake anazobandikiwa juu. Ruhusa ya kuona tiketi nayo ikafutwa baada ya wiki chache. Wawili kati ya wale bora kabisa katika kusikiliza matapeli waliacha kazi mwaka huo, na sidhani kama kuna ripoti iliyounganisha mambo hayo mawili.

Mimi sikuacha. Niligombea uongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, jambo ambalo sikuwahi kuliwaza, na sasa tunaandaa mapendekezo ya mkataba wa hali bora, ule wa chama na mwajiri. Vipengele vya kawaida vimo: usafiri wa zamu za usiku, likizo, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku ambayo sheria inaitaja na ambayo hesabu yake tunataka ionekane wazi kwenye hati ya mshahara. Mwalimu wa kwaya anasema usafiri uwe namba moja na nimekubali, kwa sababu dada zetu wanatoka saa sita za usiku. Lakini namba nne ni ya kwangu. Inasema kila mtoa huduma apewe muda ndani ya zamu wa kufuatilia malalamiko aliyoyapokea mwenyewe na kumjulisha mteja matokeo, na kwamba muda huo usihesabiwe kwenye wastani wa simu. Kwenye kikao cha tawi ilizua ubishi mrefu. Wengine waliona tutachekwa, kwamba chama hudai posho, hakidai kazi zaidi. Kijana mmoja mwenye mwaka mmoja tu kazini ndiye aliyesimama akasema anaitaka, hata bila posho, na kura zikaangukia upande wetu.

Mwajiri atauliza swali moja kubwa: mwisho wa mwezi, wateja wakiwa wamejaa kwenye foleni, muda huo utatoka wapi? Pendekezo letu ni ugawaji wa asubuhi za katikati ya mwezi kama ilivyokuwa, na kuahirisha, si kufuta, siku za msongamano. Kama unafanya kazi bima, maabara, masijala, benki, popote ambapo karatasi inapita mkononi mwako na kupotelea kwa mwingine, na kwenu kuna utaratibu wa kumrudishia mhusika majibu, niandikie hapa chini mnafanyaje siku za msongamano. Tunaingia mezani baada ya sikukuu, na nataka niende na mifano ya watu wanaofanya hivyo kweli.